Harufu ya Petroli Kwenye Kanzu

Mume wangu Bashiri ana miaka ishirini na mbili katika ufundi wa magari, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo watu wa Miyuji, hapa Dodoma, walikuwa wakisema hatengenezi gari kwa mikono, anatengeneza kwa pua. Hawakuwa wakitania. Gari likisimama mbele ya gereji yetu, kabla dereva hajamaliza kueleza shida yake, Bashiri alikuwa ameshainama kwenye boneti na kuvuta pumzi mara moja. Kisha anasema, "Klachi imeungua," au, "Ndugu yangu, umeuziwa petroli iliyochakachuliwa, ina mafuta ya taa ndani." Na ilikuwa kweli. Mtu aliweza kubishia bei, lakini pua hakuibishia.

Gereji yenyewe si ya kujivunia: bati nane juu ya nguzo za mwarobaini, na ukutani spana zimetundikwa kwa ukubwa wake. Nyumba yetu iko hapohapo, na barazani ipo cherehani yangu, maana mimi ni fundi nguo. Nyumba moja, mafundi wawili, na kila mmoja anaamini mwenzake anacheza tu. Sisi ni Warangi wa Kondoa. Binti yetu Asma tumemwacha kule kwa bibi yake anasoma, kwa hiyo siku nyingi tunabaki wawili, mimi na yeye, tunatazamana.

Nasimulia habari hii kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa vibaya. Hapa mtaani wanasema Mwamvua alimwaibisha mumewe barabarani mbele ya mteja. Sikumwaibisha. Barabarani mimi sikufungua mdomo kabisa, na anayenijua anajua hilo peke yake ni habari.

Mambo yalianza mwaka ule wa kifua, elfu mbili ishirini na moja. Bashiri alilala wiki tatu. Nilimfukiza kwa nyungu ya mwarobaini na mchaichai, nikamfunika blanketi zito, na alipotoa kichwa nje ameloa jasho nikamuuliza kama mchaichai unamwingia. Akasema unaingia vizuri. Hapo ndipo uwongo wake ulipoanza, ila sikuujua.

Alipona, tukamshukuru Mungu, akarudi gerejini. Baada ya hapo yapo mambo niliyoyaona na sikuyasoma. Siku moja nilimtilia maziwa yaliyochacha kwenye chai kwa bahati mbaya, akanywa kikombe kizima na kushukuru. Alianza kuwauliza madereva maswali mengi, yeye ambaye zamani hakumwacha dereva amalize sentensi. Akiona tone chini ya gari alilichovya kwa kidole, akasubiri lipoe au likauke, mara nyingine akaligusisha ulimi. Suruali zake nilizipunguza kiuno mara tatu, nikasema moyoni kazi inamkondesha. Na kila jioni akimaliza kula alisema, "Leo umepika." Kila jioni, miaka minne. Sifa za mume zinalevya, nami nililewa nikalala usingizi.

Sasa nimlete Mzee Kefa. Ni Mgogo, bwana mifugo mstaafu, nyumba yake iko umbali wa kutembea kutoka kwetu. Amezunguka vijiji vyote vya mkoa huu akichanja ng'ombe, na kitu pekee alichojinunulia kwa kujifurahisha ni gari moja: Datsun ya mwaka sabini na mbili, ya milango miwili, rangi ya chungwa, boneti refu na mgongo mfupi, aina ile iliyokuwa ikipita huku enzi za mbio za Safari watoto wakijipanga barabarani. Alilinunua kwa mfamasia mmoja wa mjini aliyekuwa anahama nchi. Analiita Mwali, kwa sababu muda mwingi linakaa ndani limefunikwa, na siku linapotoka linatoka limepambwa.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, mwaka jana, alikuja na Mwali gerejini. Mwaka huo Ramadhani na Kwaresma ziliangukiana, kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa umefunga, kila mtu kwa namna yake. Sisi hatukula wala kunywa tangu alfajiri. Mzee Kefa alikuwa ameacha sigara.

"Shikamoo mzee," Bashiri akasema.

"Marahaba, fundi. Mama Asma, hujambo?"

"Sijambo, shikamoo. Sigara mmeachana kweli, au mmetengana tu?"

"Tunaonana Jumapili," akasema. "Hesabu siku arobaini za Kwaresma mwenyewe, utaona Jumapili hazimo. Nikitoka kanisani, nawasha moja." Kisha akamgeukia Bashiri. "Keshokutwa tunakwenda Mpwapwa, mjukuu wetu anapata kipaimara. Mke wangu Paulina amekataa kupanda gari hili. Anasema linanuka na kichwa kinamuuma."

"Wewe unasikia nini?"

"Kidogo. Lakini mimi nimevuta sigara miaka arobaini, pua yangu si shahidi. Ndiyo maana nimeleta kwenye yako."

Bashiri akafungua boneti, akainama, na kutoka barazani nikamwona anavuta pumzi ndefu kama zamani. Upepo siku hiyo ulikuwa unatoka kwangu kwenda kwao, kwa hiyo mimi sikupata kitu. Alipapasa huku na huku akitafuta unyevu. Hapakuwa na unyevu. Joto letu hili la Dodoma na ukavu wake, petroli ikitoka tone dogo juu ya injini ya moto inakauka kabla haijaanguka. Kinachobaki ni harufu tu.

"Mzee, injini inang'aa sana hii," Bashiri akasema. "Unaifuta na nini?"

Mzee Kefa akanyoosha mgongo kwa fahari. "Mafuta ya taa. Kila Jumamosi, kwa tambara laini. Vyuma na mipira yote."

"Basi mama anasikia mafuta ya taa. Tuoshe kwa sabuni, harufu itaisha."

Mzee aliridhika. Gari likaoshwa kwa maji ya sabuni, likaondoka. Bashiri akaja kukaa karibu na cherehani yangu, kimya, akaokota vipande vya vitambaa chini na kuvipanga kwa rangi. Nikadhani ni saumu.

Kesho yake, Ijumaa, Mzee Kefa alipita kutuonyesha jinsi Mwali alivyotakata, akampa Bashiri lifti ya kwenda msikitini na kumrudisha. Saa nane mume wangu akaingia ndani, akavua kanzu na kuitundika msumarini, akabaki na fulana. Kanzu ile niliishona mwenyewe na nilikuwa nimeifua jana yake. Nikaichukua kuikunja.

Petroli. Haikuwa mafuta ya taa. Niwaambie kitu: mimi nimepika kwa jiko la mchina miaka kumi na moja, lile la tambi, na mafuta ya taa nayajua yakiwa kwenye chupa, yakiwa yamemwagika, yakiwa yameingia kwenye mchele. Mafuta ya taa yana harufu nzito ya kukaa. Petroli ni kali, inapanda mpaka kati ya macho. Tena pua yangu mwezi wa Ramadhani ndiyo inayopika. Wenzangu huonja mchuzi kwa ncha ya ulimi wakatema, lakini mama yangu alinifundisha nisiguse, ninuse tu.

"Uliinama kwenye injini na kanzu hii?"

"Hapana. Nilikaa kwenye kiti tu, kwenda na kurudi."

"Inanuka petroli."

"Ni yale mafuta ya taa ya mzee."

"Baba Asma, hii ni petroli. Nusa."

Akaichukua, akaiweka usoni. "Mh. Kidogo," akasema. Lakini hakuwa anaitazama kanzu, alikuwa ananitazama mimi, kama mwanafunzi anayetafuta jibu kwenye uso wa mwalimu.

Nikaichukua tena. Nikaingia chumbani, nikatoa kanzu yake ya pili iliyokuwa sandukuni na vipande vya udi, nikaja nazo zote mbili nimezikunja sawasawa. "Ipi ina petroli?" nikamuuliza.

Alinusa ya kwanza, akanusa ya pili. Akarudia. Kisha akanikabidhi ile ya udi.

Alikaa juu ya sanduku lake la spana, mikono katikati ya magoti, akasema, "Tangu nilipougua." Nikamuuliza kama daktari anajua. Akasema hakumwambia daktari, hakumwambia mtu. "Fundi asiyenusa nitamwambia nani? Watu wanakuja hapa kwa pua."

Nilikasirika, sitaki kuficha. Nilikasirika kwanza kwa ajili ya chakula. "Miaka minne unaniambia leo umepika."

"Ungejua, kama nisingesema."

"Hata siku nilipozidisha chumvi?"

"Chumvi naisikia. Niliogopa nikisema kitu kimoja utaniuliza cha pili."

Nilikuwa na maneno mengine mengi, yalikuwa yamepanga foleni. Lakini nilipoichukua ile kanzu ya petroli kuitundika tena, harufu ikanikumbusha Mzee Kefa. Keshokutwa ni Jumapili, atatoka kanisani, ataketi ndani ya gari lile na mkewe, na atawasha moja.

"Mpigie mzee," nikasema.

Simu yake ilikuwa haipatikani. Tukaenda kwake kwa miguu, tukitembea kwa kasi isiyofaa kwa watu waliofunga. Mkewe, Bi Paulina, alikuwa uani anaanika mashuka. Akasema mumewe ametoka muda si mrefu na Mwali, amekwenda Ihumwa kwa dada yake kuchukua karanga za kupeleka Mpwapwa.

"Peke yake?" Bashiri akauliza.

"Peke yake. Mimi humo siingii, mpaka harufu iishe."

Tukapanda bodaboda moja wawili, mshikaki, Bashiri katikati na mimi nyuma nimekamata fulana yake. Alikuwa amesahau kuvaa shati. Njia nzima ya kwenda Ihumwa nilikuwa namuomba Mungu vitu viwili kwa zamu. Kwanza mzee asiwe amewaka moto. Cha pili naona haya kukisema, lakini nitasema: niliomba mambo yaishe bila watu kujua. Gereji ndiyo inayotulisha, na gereji ni jina la Bashiri.

Tulipokaribia Ihumwa, upande wa reli, niliona rangi ya chungwa pembeni mwa barabara, boneti limeinuliwa. Gari lilikuwa zima. Na Mzee Kefa alikuwa mzima, ameketi juu ya jiwe hatua mbili kutoka kwenye injini. Mkononi ameshika sigara na kiberiti.

Bashiri aliruka kabla pikipiki haijasimama. "Mzee, weka hiyo," akasema, akamtoa kiberiti mkononi kama unavyomtoa mtoto kisu, bila shikamoo wala nini.

"Sijaiwasha," Mzee Kefa akasema. "Leo si Jumapili. Nilikuwa naitazama tu. Gari limezima, simu imekwisha chaji, mtu unafanyaje?"

Nikakaa chini palepale kwenye changarawe. Kutoka nilipokaa, petroli ilinifikia puani bila kuitafuta. Bashiri akafungua waya wa betri kwanza, kisha akapitisha vidole chini ya mpira unaotoka kwenye pampu ya mafuta kwenda kwenye kabureta. Akaukunja kidogo ili sote tuone. Juu ulikuwa unang'aa kama kiatu cha harusi. Chini ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino cha kiangazi, na petroli inachuruzika. Kwenye gari lile kabureta zimekaa juu kabisa ya bomba la moshi. Tone linashuka juu ya chuma cha moto.

"Mafuta ya taa yanakula mpira, mzee," Bashiri akasema. "Kila Jumamosi ulikuwa unaulainisha uoze. Ulipopasuka petroli ikawa inamwagika kabla ya kufika kwenye kabureta, ndiyo maana limezima."

Mzee Kefa alitazama ule mpira muda mrefu. Kisha akamtazama mume wangu, na uso wake ukafunguka kwa furaha. "Wewe umejuaje? Mimi niko Ihumwa, wewe uko Miyuji." Akacheka, akampiga begani. "Ile pua yako, fundi. Nilimwambia Paulina, pua kama ile hakuna Dodoma nzima."

Basi hapo ndipo paliponiuma. Mlango ulikuwa wazi, mume wangu alitakiwa kucheka tu. Kucheka kungetosha. Mzee angesimulia kanisani na sokoni, jina lingepanda mara mbili, na siri ingebaki ndani ya nyumba yetu, kama nilivyokuwa nimeomba. Nikafunga mdomo, nikatazama reli.

"Si pua yangu, mzee," Bashiri akasema. "Aliyenusa ni mke wangu, kwenye kanzu niliyovaa ndani ya gari lako. Mimi sinusi kitu. Nina miaka minne sinusi kitu, tangu nilipougua kifua. Jana nilikurudishia gari bila kujua linanuka nini."

Lori likapita, likatufunika vumbi, na hakuna aliyejikinga.

"Kwa hiyo jana ulikuwa unabahatisha," Mzee Kefa akasema.

"Nilikuwa nabahatisha."

"Na Paulina nilikuwa namlazimisha apande."

"Ndiyo, mzee."

"Jumapili ningewasha na yeye yuko ndani."

Mzee alirudisha ile sigara kwenye pakiti yake, polepole, ikakataa kuingia, akaisukuma kwa dole gumba. "Umenikosea, kijana," akasema. "Umenikosea sana."

"Nimekukosea. Nisamehe."

Nilisubiri matusi, na ningeyaona ni haki. Badala yake mzee alisimama mbele ya mume wangu, akamtazama shingoni, kwenye mabega, mpaka kwenye mkanda, jinsi nadhani alivyokuwa akiwatazama ng'ombe mnadani. "Unakula?" akauliza.

"Nini, mzee?"

"Ng'ombe pua yake ikiziba, kabla hujaona ugonjwa wenyewe, utaona anaacha kula. Anasimama mbele ya majani kama hajawahi kuyaona. Miaka thelathini nimeona hilo. Nakuuliza, unakula?"

"Nakula kwa sababu saa ya kula imefika," Bashiri akasema.

Hapo nikalia. Nilikumbuka zile suruali. Mimi, mwenye futi shingoni mchana kutwa, nilipima kiuno cha mume wangu kikipungua mara tatu, nikakata, nikashona, na sikuuliza kwa nini. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kunificha, kumbe na mimi nilikuwa na kipimo mkononi na nilikuwa sisomi. Na pamoja na kulia kwangu, nawaambia kweli, nilikuwa mwepesi. Kitu kilichokuwa kimekaa kati yetu miaka minne bila jina kilikuwa kimetua barabarani Ihumwa, na hakuna aliyekufa.

Kirikuu kimoja, pikapu ndogo iliyokuwa inarudi mjini, kikalivuta gari kwa kamba. Mzee alishika usukani na madirisha yote wazi, sisi tukafuata na bodaboda yetu.

Jumamosi asubuhi Bashiri alikwenda mjini na kile kipande cha mpira mfukoni, akarudi na mpira mpya wa petroli, ule mzito wenye nyuzi katikati, na klipu mpya za chuma. Alikataa kubadilisha ule mmoja tu. Akasema ukiona kaka mmoja kazeeka, wadogo zake hawako mbali. Akaitoa yote, kuanzia tenki nyuma mpaka kabureta mbele, na kila alichokikunja kilikatika kama biskuti. Siku nyingine mafuta ya tenki angeyanyonya kwa mdomo kupitia mpira akatema, kama mafundi wote. Mwezi huo mdomo ulikuwa umefungwa, kwa hiyo akafungua nati ya chini ya tenki, petroli ikashuka kwenye dumu. Bomba la chuma linalopita chini ya gari alilisugua na kulipuliza kwa pampu ya tairi mpaka lilipotoa hewa safi upande wa pili. Kutu ilikuwa juu tu.

Kisha akaniita. "Mama Asma, lete kigoda."

Nikaja na kigoda. Nikamuuliza kama kunusa petroli kunabatilisha saumu. Akasema niwaulize mashehe, yeye ni fundi. Akarudisha mafuta, akawasha gari, akaliacha lipate moto, na tukaanza kuzunguka kiungo kwa kiungo, yeye na bisibisi na mimi na pua. Mzee Kefa alisimama pembeni mikono nyuma, kama mtu aliyeleta mgonjwa.

"Hapa?"

"Safi."

"Hapa?"

"Safi."

Kwenye kiungo cha saba, karibu na pampu, nikamwambia bado. Bashiri akapitisha kidole, kikatoka kikavu. Zamani, namaanisha wiki iliyopita tu, angesema kidole kinatosha. Siku hiyo alizima gari, akafungua ile klipu, akakuta imekaa upande. Akaifunga upya. Nikanusa tena, nikanusa na mara ya tatu kwa ajili ya roho yangu. "Safi," nikasema, na nikamwona mume wangu anafumba macho kidogo, kama mtu aliyetua gunia la mahindi.

Saa saba mchana Bi Paulina akaja mwenyewe. Aliingia ndani ya gari, akafunga madirisha, akakaa na mkoba wake mapajani. Sisi watu wazima watatu tukasimama nje tunamtazama kupitia kioo kama tunasubiri matokeo ya mtihani. Mwisho akashusha kioo.

"Sasa nasikia pomedi ya mzee tu," akasema. "Hiyo nimeizoea. Twende."

Jumapili alasiri Mzee Kefa alipiga simu kutoka Mpwapwa. Mtoto amepata kipaimara, gari limepanda na kushuka milima bila kukohoa, na yeye amevuta sigara mbili, zote nje ya gari, hatua ishirini, alizihesabu. Akaniomba mimi kwenye simu. Akasema Mwali sasa atafutwa kwa kitambaa cha maji, basi. Kisha akasema nimpeleke mume wangu hospitali, na nikichelewa atakuja kumswaga mwenyewe.

Tulikwenda. Daktari alisema wengine hurudi kunusa na wengine hawarudi, akampa mazoezi ya kunusa vitu vinne asubuhi na jioni: karafuu, ndimu, tangawizi na kahawa. Bado anafanya. Habari yake haikubaki siri, Mzee Kefa si mtu wa kufunga mdomo, na ni kweli wapo wateja wawili watatu waliokwenda gereji nyingine. Wengine wamebaki. Linalohusu harufu likija, Bashiri hajidai tena. Anageuka barazani na kuniita mbele ya mteja, nami naacha cherehani na sindano iko katikati ya kitambaa, nakuja nanusa, nasema ninachosema, narudi kwenye nguo yangu.

Lakini nilitaka kumalizia na ile Jumapili. Baada ya simu ya mzee nilipika futari: ugali, mlenda, na mchuzi wa kuku. Nilikuwa nimechoka, sikuonja, na chumvi nadhani niliitia, nikasahau, nikaitia tena. Adhana ikatoka, tukafuturu kwa tende na uji, tukaswali, tukakaa kula. Bashiri alimega tonge, akachovya kwenye mchuzi, akatafuna. Nikajikuta nasubiri ile sentensi yake, na nikajua safari hii nikiisikia itaniua.

Akaliweka tonge la pili pembeni ya sahani.

"Mama Asma," akasema, "chumvi imezidi."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu, machozi yananitoka, na yeye ananitazama haelewi kama amekosea. Miaka minne nilikuwa nimesifiwa kila jioni, na hakuna sifa hata moja iliyowahi kunishibisha kama lile lalamiko. Nikabeba bakuli, nikarudi jikoni kuongeza maji.